Sir Michael Wood, mpasuaji aliyemfuata mgonjwa kwa ndege

ANAYETAKA kuelewa kwa nini daktari mpasuaji aliyekwisha kubobea katika fani yake aliamua kwenda kujifunza kurusha ndege, na alitazame Bonde la Kilombero wakati wa masika.

Kwa miaka mingi, mvua zilipokolea, Mto Kilombero ulivunja kingo zake na kuigeuza mbuga yote ya chini ya Milima ya Udzungwa kuwa ziwa. Waliokaa Ifakara na waliokaa ng'ambo ya Ulanga walitenganishwa na maji, wakitegemea kivuko na mitumbwi. Daraja la kudumu, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo mgonjwa mwenye uvimbe mdomoni, au mtoto aliyeangukia motoni, alilazimika kungoja maji yapungue. Ugonjwa wenyewe haukungoja.

Afrika Mashariki ya miaka ya 1950 ilikuwa na mabonde mengi ya namna hiyo. Hospitali za misheni zilikuwapo, moja hapa na nyingine kule, lakini madaktari bingwa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na karibu wote walikaa mijini. Shirika ambalo Wood alilianzisha limekuwa likieleza kuwa katika siku hizo daktari mmoja alihudumia watu wapatao 30,000, wakati Uingereza daktari mmoja alihudumia watu 1,000.

Michael Wood alizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1910 na kusomea udaktari katika Hospitali ya Middlesex, London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alimwoa Susan Buxton, binti wa wamisionari, aliyezaliwa Kongo, katika msitu wa Ituri. Kwa hiyo, mmoja kati ya wawili hao aliijua Afrika tangu utotoni. Muda mfupi baada ya vita walihamia Kenya, ambako Wood alifanya kazi ya upasuaji wa kawaida.

Haukupita muda mrefu kabla hajabaini kuwa upasuaji huo hautoshi. Wagonjwa wengi walioletwa kwake hawakuhitaji tu kukatwa kilichooza au kushonwa kilichopasuka. Walikuwa watu waliokosa sehemu ya uso, midomo au shingo kwa sababu ya moto, wanyama wakali, maradhi ya kuzaliwa nayo au saratani. Kumwondolea mtu uvimbe wa taya na kumwacha na tundu shavuni, chakula na mate yakimtoka, ni kumponya nusu. Mtu huyo hatakaa barazani na wenzake, wala hataketi nao kwenye sinia moja.

Ndipo katika miaka ya 1950 aliporejea Uingereza kujifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile, ambao wengi huuita upasuaji wa plastiki. Mwalimu wake alikuwa Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, ambaye katika mji mdogo wa East Grinstead aliwatengeneza upya marubani walioungua vitani. Wagonjwa hao waliunda chama chao mwaka 1941, nacho kilifikisha wanachama 649.

McIndoe naye alikuwa mwanafunzi wa binamu yake, Sir Harold Gillies, aliyeanza kazi hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1917 Gillies aligundua kuwa ukanda wa ngozi ukikunjwa na kushonwa ukawa kama bomba, hauambukizwi kirahisi na damu yake hupita vizuri zaidi. Mwaka mmoja kabla yake, Vladimir Filatov wa Odessa alikuwa amefanya jambo hilo hilo bila wao kujuana.

Elimu aliyoipata Wood kwa McIndoe inaweza kufahamika vizuri na mkulima wa Ifakara kuliko msomi wa mjini.

Mkulima wa mpunga huing'oa miche kitaluni na kuipandikiza jarubani. Mche huo umekatwa na udongo wake wa kwanza, na uhai wake unategemea rutuba na unyevu wa mahali ulipopelekwa. Ndivyo kilivyo kipandikizi cha ngozi. Kinachukuliwa pajani, kinawekwa juu ya kidonda, na kwa siku za mwanzo kinaishi kwa unyevu wa kidonda chenyewe, hadi mishipa midogo ya damu iingie. Kikiwekwa juu ya mfupa mtupu, au juu ya nyama iliyochomwa na mionzi ya tiba ya saratani, kinakauka kama mche uliopandwa juu ya mwamba.

Rando la kiazi kitamu ni jambo tofauti. Hutambaa kutoka kwenye shina mama, likagusa udongo mpya na kutoa mizizi, huku likiendelea kulishwa na shina la zamani. Mizizi mipya ikishashika, mkulima anaweza kulikata shina la nyuma na rando lisife. Hivyo ndivyo ilivyo kwa pande la ngozi na nyama ambalo mpasuaji hulihamisha huku akiacha upande mmoja umeshikana na mwili. Tuliite kipande chenye shina. Kwa kawaida mpasuaji husubiri takriban wiki tatu kabla ya kulikata shina hilo.

Kwa kipande hicho inawezekana kuziba tundu la shavu, kutengeneza mdomo, au kuifunika mishipa mikubwa ya shingo iliyobaki wazi baada ya saratani kuondolewa. Lakini kinaweza pia kufa. Kikifa, mgonjwa hupoteza mara mbili, kwa sababu tundu la kwanza lipo pale pale, na mahali kipande kilipotolewa pana kidonda kipya.

Kinachoamua uhai wa kipande ni damu: namna inavyoingia na namna inavyotoka. Mshipa unaoleta damu ukiziba au kukunjika, kipande hupauka na kupoa, na ukikibonyeza kwa kidole rangi hairudi upesi. Mshipa unaorudisha damu ukiziba, kipande huvimba, huwa cha zambarau, na ukikibonyeza rangi hurudi haraka kupita kiasi. Hali hii ya pili huwapata wagonjwa wengi zaidi, nayo hudanganya, kwa maana asiyeizoea huona kipande kimejaa damu akadhani kina afya.

Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, kupauka ni vigumu kuonekana. Muuguzi hana budi kutumia mgongo wa mkono wake kupima joto, kubonyeza na kuhesabu, na pengine daktari huchoma kwa ncha ya sindano kuona ni damu ya namna gani inatoka na kwa kasi gani.

Sababu zinazokiua kipande ni nyingi, na baadhi yake ni vitu vidogo vya kusikitisha. Nyuzi zilizokazwa mno. Donge la damu lililojikusanya chini yake. Mgonjwa aliyegeuza shingo usingizini akalikunja shina. Kamba inayoshikilia mrija wa kupumulia kooni, iliyofungwa kwa nguvu ikalibana shina lile lile linalolisha kipande. Mate yanayovuja na kuleta usaha. Baridi ya wodini inayofanya mishipa isinyae.

Nyingine mgonjwa huja nazo mwenyewe: upungufu wa damu, lishe duni inayotokana na miezi ya kushindwa kumeza, kisukari, na tumbaku, ambayo huisinyaza mishipa midogo na pia huchangia sana saratani za mdomo na koo. Mionzi iliyotangulia nayo huacha shingo ngumu, yenye mishipa michache na isiyopona kwa urahisi.

Nyingi kati ya sababu hizo zinaweza kuondolewa zikigundulika mapema. Kata nyuzi mbili, legeza kamba, toa donge la damu, nyoosha shingo, na kipande kinaweza kurudisha rangi yake. Zikigundulika baada ya saa nyingi, hakuna dawa. Kwa sababu hiyo kipande hukaguliwa mara kwa mara usiku na mchana, hasa katika siku mbili tatu za mwanzo. Mpasuaji hufanya kazi yake kwa saa chache. Mwenye kukiokoa kipande mara nyingi ni muuguzi wa zamu ya usiku.

Jambo hili ndilo lililoipa kazi ya Wood ugumu wake.

Mwaka 1956 Wood, McIndoe na mpasuaji Mmarekani Tom Rees, ambaye naye alipitia mikononi mwa McIndoe, walikutana katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro na kuweka mpango wa kupeleka tiba kwa ndege katika sehemu za mbali za Afrika Mashariki. Wood mwenyewe alikuwa na shamba Ol Molog, upande wa Tanganyika, na alikwisha kujifunza urubani akiwa mtu mzima. Mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ikaanzishwa rasmi. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa AMREF, yenye makao makuu Nairobi.

Mpango wa mwanzo ulikuwa kuzisaidia hospitali za misheni kwa upasuaji. Ndege ndogo inatua kwenye uwanja wa majani, mpasuaji anashuka, wagonjwa wamekwisha kukusanywa. Anafanya upasuaji mmoja baada ya mwingine, kisha anaondoka, kwa kuwa hospitali nyingine inamngoja.

Lakini kipande chenye shina hakiondoki naye. Kinabaki wodini pamoja na mgonjwa, kikihitaji jicho la mtu anayejua anachokitazama. Ustadi uliopatikana East Grinstead, ambako wauguzi waliofundishwa walikuwa kando ya kitanda usiku kucha, ungeweza kupotea usiku mmoja katika wodi yenye muuguzi mmoja na taa ya chemli. Mpasuaji wa angani anaweza kuwa bora kuliko wote duniani, na kazi yake bado ikategemea mtu ambaye huenda hajawahi kuonyeshwa kipande kinachokufa.

Huduma ya ndege ilianza kulijibu tatizo hilo kwa redio. Mtandao wa redio za tiba uliunganisha hospitali za mbali na Nairobi, hivyo kwamba muuguzi au daktari wa misheni aliweza kueleza anachokiona na kuuliza afanye nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliongezwa huduma za magari zilizozunguka vijijini. Na kufikia mwaka 1975 mafunzo ya watumishi wa afya wa vijijini, pamoja na utayarishaji wa vitabu vyao, yalikuwa yamekuwa sehemu kubwa ya kazi ya shirika. Baadaye likaingia katika afya ya jamii yenyewe.

Wapo walioshangaa kuona shirika lililoanzishwa na wapasuaji linageuka kuwa la kufundisha. Lakini njia hiyo haikumpotosha Wood na fani yake. Kwa mpasuaji wa vipande vyenye shina, nyama iliyohamishwa haiishi kwa uzuri wa mshono. Inaishi iwapo imepata mishipa ya mahali pale ilipo. Huduma inayoletwa kutoka nje kwa ndege ina kanuni hiyo hiyo: italishwa na shina la mbali kwa muda, na isipoota mizizi ya wenyeji, siku shina litakapokatwa itakufa.

Inafaa kukumbuka kuwa katika Bonde la Kilombero fikra kama hiyo ilikuwa imekwisha kupandwa. Mwaka ule ule wa 1957 ambao Wood alianzisha huduma yake, mwanasayansi wa Uswisi, Profesa Rudolf Geigy wa Basel, alifungua maabara ya utafiti mjini Ifakara, jirani na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya wamisionari Wakapuchini. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, kikafunguliwa hapo kituo cha kuwafundisha watumishi wa tiba wa vijijini. Mmoja alianza na ndege, mwingine na maabara, na wote wawili wakafika kwenye darasa la kuwafundisha wenyeji.

Nje ya chumba cha upasuaji, Wood na mkewe waliishi maisha ya watu wasiotaka kukaa upande mmoja wa ukuta wa rangi. Walikuwa wanachama hai wa Chama cha Capricorn, kilichoanzishwa mwaka 1949 na David Stirling, kikitaka Waafrika, Wazungu na Waasia waishi katika nchi moja kama raia. Chama hicho hakikufanikiwa kisiasa. Wapigania uhuru wengi walikiona kama njia ya kuchelewesha utawala wa walio wengi, na Wazungu wengi walikiona cha hatari. Uhuru ulipokuja katika miaka ya 1960 kilikuwa kimepitwa na wakati. Familia ya Wood haikufungasha virago. Iliendelea kuishi na kufanya kazi Afrika Mashariki chini ya serikali mpya.

Susan Wood alijijengea jina lake mwenyewe. Mwaka 1975 alianzisha Karen, Nairobi, karakana ndogo ya kutengeneza shanga za udongo akiwa na wanawake wawili waliohitaji kipato. Karakana hiyo, Kazuri, ilikua hadi kuajiri mamia ya wanawake. Alifariki dunia mwaka 2006.

Wood alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1985. Badala ya kupumzika, mwaka huo huo, yeye na David Campbell walianzisha shirika la FARM-Africa kwa ajili ya wakulima na wafugaji wadogo. Baada ya miaka mingi ya kupasua, alikuwa akielekea mbali zaidi ya kisu, kwenye shamba na zizi la mbuzi, mahali ambapo afya ya mtu huanzia. Mgonjwa aliyekonda kwa njaa haponi kidonda, jambo ambalo mpasuaji wa vipande hulijua kuliko wengi. Alifariki dunia mwaka 1987, akiwa hajatimiza umri wa miaka 70.

Fani yake haikusimama. Kabla hajafa alishuhudia kanuni za kale zikibadilika. Wapasuaji walikuwa wakiamini kuwa urefu wa kipande hauna budi kulingana na upana wa shina lake, hadi mwaka 1970 Stuart Milton wa Oxford alipoonyesha kwa majaribio kwamba la msingi ni mishipa iliyomo ndani ya kipande, wala si upana. Mwaka 1965 Vahram Bakamjian wa Marekani alikwisha kueleza namna ya kuchukua ngozi ya kifua na bega kutengeneza koo, na mwaka 1979 Stephan Ariyan akaeleza matumizi ya msuli mkubwa wa kifua. Kipande hicho cha msuli kinaendelea kuwa tegemeo la hospitali zisizo na vifaa vya ghali, kwa sababu kinahamishwa pamoja na mshipa wake mnene na hakihitaji kuunganishwa chini ya hadubini.

Katika hospitali zenye uwezo, siku hizi kipande hukatwa kabisa mkononi au mguuni, kisha mishipa yake huungwa na ile ya shingo kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Damu ikishindwa kutoka, wapo wanaotumia ruba waliofugwa maalumu kuinyonya mpaka mishipa mipya iote; si ruba wa kwenye madimbwi, ambao wanaweza kuleta maambukizi. Pamoja na maendeleo yote hayo, kipimo kinachotegemewa wodini ni kile cha siku za McIndoe: jicho, kidole na saa ya ukutani.

Kwa mkazi wa Ifakara barabara imekuwa bora, mto una daraja, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko imepanda hadhi na kuwa ya rufaa. Hata hivyo, mwenye saratani ya mdomo anayehitaji mionzi anaweza kulazimika kusafiri takriban kilomita 400 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kila wiki anayochelewa, uvimbe hukua, tundu litakaloachwa huwa kubwa zaidi, na mwili utakaotoa kipande cha kuliziba huwa umedhoofika zaidi. Kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, au uvimbe shingoni usioondoka, si jambo la kungojea masika yaishe.

Sir Michael Wood hukumbukwa zaidi kwa ndege zake, na picha ya daktari anayeshuka kutoka mawinguni inapendeza macho. Lakini wapo pia wasioonekana katika picha hiyo. Ni wauguzi na matabibu wa wilayani waliobaki uwanjani ndege ilipopaa, wakarudi wodini jioni ilipoingia, wakaweka mgongo wa mkono juu ya shavu jipya la mgonjwa na kuhisi kama lina joto.